Swali Mlangoni: Nafasi ya Kiswahili katika Mafunzo ya Afya Nyanjani

Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 lilisisitiza kwamba huduma za afya ya msingi zijengwe kwa ushirikiano na jamii. Katika Bonde la Ufa, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kiliyafanya mafunzo katika jamii kuwa sehemu ya mtaala. Chuo Kikuu cha Egerton nacho hufunza udaktari mjini Nakuru. Katika mafunzo ya aina hii, mwanafunzi hukaa katika kituo cha afya mashinani, huzuru kaya, huuliza maswali na kunakili majibu.

Makala haya yanahoji: maswali hayo huulizwa kwa lugha gani? Mwanafunzi amefunzwa kwa Kiingereza. Mwenyeji wa Njoro, Molo au Subukia aghalabu huzungumza Kikuyu au Kikalenjin nyumbani. Kiswahili ndicho daraja, lakini daraja lenyewe lina mianya.

Tuchukue mifano mitatu. Neno 'choo' hurejelea msala na pia kinyesi; anayeuliza "choo kikoje?" huenda akajibiwa kuhusu jengo ilhali alikusudia tumbo. 'Homa' ni joto la mwili kupanda, ila kwa Wakenya wengi ni mafua. 'Dawa' hutibu mgonjwa, na shambani hunyunyiziwa viazi. Jibu likieleweka visivyo, takwimu hupotoka na mgonjwa huweza kukosa tiba ifaayo.

Yamkini msomaji atadai kwamba istilahi sanifu zinatosha. La hasha! 'Shinikizo la damu' ni istilahi sahihi, lakini mlangoni husikika 'presha'. Mwanafunzi hana budi kuyajua yote mawili. Aidha, mzee asiyekimudu Kiswahili huhitaji mkalimani, na ridhaa yake haiwi ridhaa iwapo hakuelewa alichoombwa.

Tangu Katiba ya 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi nchini Kenya. Hadhi hiyo ina maana ndogo isipomfikia mgonjwa. Kwa hivyo, tunapendekeza idara za Kiswahili zishirikiane na vitivo vya afya kuandaa hojaji na kuzijaribu kwa wenyeji kabla ya ziara. Wanafunzi wetu nao waandamane na wenzao wa udaktari. Huko watakusanya msamiati hai, na watapima iwapo isimu wanayojifunza darasani inamfaa anayeugua.