Vipimo Safi, Mwili Hoi
Jina "korona ya muda mrefu" halikutoka kwa madaktari. Lilitoka kwa mgonjwa, mwanaakiolojia Mwitalia Elisa Perego, aliyeliandika mtandaoni Mei 2020. Shirika la Afya Duniani likatoa maelezo yake Oktoba 2021: dalili zinazokuwepo miezi 3 hivi baada ya kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na zisielezeke kwa ugonjwa mwingine.

Hapo kwenye "ugonjwa mwingine" ndipo penye kazi. Kipimo kimoja cha kuithibitisha hakuna. Daktari anapima damu, moyo, mapafu, sukari, anaondoa kimoja kimoja. Majibu yakirudi safi, haina maana mgonjwa anaigiza, ingawa wengi wameambiwa hivyo hivyo.

Dawa ya kuiponya bado, zinatibiwa dalili. Na kwa yule anayezidiwa baada ya kujitahidi kidogo, pengine kesho yake, kumwambia "piga mazoezi" kunaweza kumuumiza. Anafundishwa kugawa nguvu zake: afanye kidogo, apumzike kabla hajachoka. Jana alicheza mpira, leo hawezi kuamka. Sisi tunaokwenda TP tunaweza kukutana na mtoto wa hivyo kabla daktari hajamwona, na daftarini ataonekana mtoro tu.