Deni la Nani?

Somo: Luka 19:1-10, Luka 17:3-4

Jumatano iliyopita kwenye mafundisho ya Biblia kijana mmoja aliuliza: "Pasta, mtu maarufu akisimama na adui wakati wa vita, anastahili msamaha?" Alikuwa ametazama filamu kuhusu Jane Fonda, mwigizaji wa Marekani.

Kisa ni hiki. Julai 1972, Marekani ikipigana Vietnam, Jane alienda Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini. Alizungumza kwenye redio ya huko, akapigwa picha ameketi kwenye mzinga wa kudungulia ndege. Na ndege zenyewe ni za nchi yake! Mwaka 1973 mateka wa Kimarekani waliporudi nyumbani wakasimulia walivyoteswa, yeye aliwaita waongo. Mwaka 1988 aliomba msamaha kwenye runinga, kwa wanajeshi na jamaa zao. Kupinga vita hakukujutia; alijutia ile picha na uchungu aliowaletea. Wengine walimpokea. Wengine hata leo hawataki kusikia jina lake.

Mimi nilijibu haraka: "Tumsamehe! Yesu alimkataza Petro kuhesabu." Vijana wakasema amina. Lakini mzee wetu mmoja, mwanajeshi mstaafu, akainua mkono. "Pasta, kwani wewe alikukosea nini?"

Kusema ukweli, sikuwa na jibu.

Nilisomea biashara, hilo nilipaswa kulijua. Deni hufutwa na anayedai. Siwezi kuingia kwenye duka la jirani, nikafuta jina la mtu kwenye daftari lake la madeni, halafu nijiite mkarimu. Na mwenye duka mwenyewe, kabla ya kufuta, lazima ajue ni pesa ngapi. Kusamehe si kusema ati deni lilikuwa dogo.

Sasa mtazame Zakayo. Alikuwa tajiri, mkuu wa watoza ushuru, anajulikana Yeriko yote, na anatumikia utawala wa Warumi waliowakalia watu wake. Kwa majirani, huyo alikuwa upande wa adui. Yesu aliingia kwake kabla hajarudisha hata senti. Hiyo ni neema. Lakini Zakayo hakubaki akifurahia mgeni tu. Alisimama, akaahidi kuwarudishia aliowadhulumu mara nne. Neema haikuchoma daftari la majirani. Ilimpa Zakayo ujasiri wa kulifungua.

Kwa hivyo, anastahili? Wapendwa, hakuna anayestahili msamaha. Ukiustahili, huo ni mshahara. Mungu humpokea anayetubu, awe nyota wa filamu au mimi. Aliyeumizwa ameitwa kusamehe, na Bwana atamsaidia, lakini tusimsukume kwa amina zetu. Sisi ambao hatukukosewa tuna kazi mbili: kuweka mawe chini, na kuketi na mwenye kidonda.

Alhamisi jioni nilimpigia yule mzee simu, nikamwomba radhi kwa haraka yangu. Akacheka. "Hilo sasa ni deni langu, mwanangu. Nimelifuta."

Ya kujadili kwenye vikundi vya nyumbani:
1. Ni nani umemharakisha kusamehe kosa ambalo wewe hukutendewa?
2. Kuna mtu anayekudai neno moja tu, "nilikukosea"? Utamwendea lini?