Babu Alipigana na Mjapani: Maswali Kutoka Tunduma

Maswali haya yameulizwa na wasomaji wa Tunduma, Vwawa na Mlowo, wengi wao wajukuu wa waliotumikia King's African Rifles (KAR), jeshi ambalo wazee waliliita Keya. Ninayajibu kwa upande wa historia ya kijeshi, na penye chumvi ya vijiweni nitasema.

Babu alituambia alipigana na Mjapani. Kwani Mjapani alifika Tanganyika?

Hakufika. Alikaribia mwishoni mwa Mei 1942, nyambizi zake ndogo zilipoingia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, zikaijeruhi manowari ya Kiingereza Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Babu yako ndiye aliyemfuata Mjapani hadi Burma, ambayo leo ni Myanmar. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa nembo ya kifaru, ilikuwa na batalioni mbili za KAR za Tanganyika, ya 26 na ya 36.

Hapa mpakani wapo wazee waliosema walikuwa jeshi la Rhodesia. Walidanganya?

Hata kidogo. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na mtu aliandikishwa alikokutwa. Ndugu mmoja angeweza kuwa KAR na mwenzake Northern Rhodesia Regiment, kisha wote wakajikuta Burma. Barabara ile ile inayojaa malori ya Zambia leo ndiyo iliyopitisha misafara ya kijeshi kuelekea Kenya.

Ni kweli meli yao ilizamishwa baharini?

Moja ilizamishwa, na kwa maoni yangu ndilo tukio linalostahili kufundishwa zaidi kuliko yote haya. Khedive Ismail iliondoka Mombasa Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo askari wa kikosi cha mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tatu hivi. Waliokuwa sitaha za chini hawakuwa na pa kutokea.

Kilichofuata ni kigumu kukisimulia. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Manowari za ulinzi, Petard na Paladin, zilitupa mabomu ya majini hapo hapo, kwa hofu kwamba nyambizi ikiachwa itazamisha meli nyingine za msafara. Baadhi ya watu walikufa kwa mabomu ya upande wao wenyewe. Nyambizi nayo ikazamishwa. Waliofariki melini ni 1,297, na waliookolewa walizidi 200 kidogo tu.

Na vita yenyewe ilikuwaje?

Matope. Kuanzia Agosti 1944 divisheni ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya huko, ikimfukuza Mjapani aliyeshindwa kwenye mapigano ya Imphal, India. Chakula kilidondoshwa na ndege. Mawingu yakifunga, askari walibana mikanda. Malaria na homa ya utitiri wa vichakani viliwalaza wengi, na kila mtu alimeza vidonge vya mepakrini vilivyogeuza ngozi rangi ya manjano. Njiani walikuta maiti za Wajapani waliokufa kwa njaa na kuhara, silaha zikiwa kando yao. Lakini wale wa nyuma, waliochimba mahandaki vilimani ili wenzao wapate kuondoka, walipigana mpaka mwisho. Kalewa ilitekwa mwanzoni mwa Desemba, na daraja la mto Chindwin likajengwa.

Mbona hatusikii habari za mateka?

Kwa sababu walikuwa wachache. Kanuni ya jeshi la Japani ya Januari 1941 ilimfundisha askari kwamba kutekwa ni aibu kuliko kifo, kwa hiyo wengi walijiua. Imani hiyo hiyo iliwafanya wawadharau waliojisalimisha kwao: kwenye ujenzi wa reli ya Burma na Siam walikufa mateka zaidi ya 12,000 wa Uingereza na washirika wake, na vibarua wa Kiasia wengi kuliko hao. Askari wetu walijua kinachowangoja wakikamatwa.

Idi Amin naye alikuwa Burma?

Alijisifu hivyo. Aliandikishwa 1946, vita imekwisha. Aliyekuwa huko kweli ni Waruhiu Itote, baadaye Jenerali China wa Mau Mau.

Babu alirudi na nyota ya shaba tu. Ina maana gani?

Ikiwa na pembe sita, imeandikwa Burma Star, na utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati ya buluu, basi alitumikia vita vya Burma. Usitafute jina lake juu yake. Nyota hizo zilitolewa bila majina. Kuhusu malipo, haikuwa haki: kiinua mgongo cha askari Mzungu wa cheo cha chini katika makoloni ya Afrika kilihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, cha Mwafrika shilingi 3.5.

Kwa hiyo kabla ya kuiuza nyota hiyo kwa wanunua vyuma chakavu, tafuteni cheti cha babu cha kuachishwa jeshi. Kina namba na kikosi chake. Kama hakurudi, jina lake litafuteni katika daftari la Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambalo liko wazi mtandaoni bila malipo.