INTANETI NYUMBANI: TUCHAGUE KAMPUNI GANI KIJIJINI?

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii naiheshimu, lakini katika jambo ninalotaka kulieleza leo, mchagua jembe ndiye mkulima hasa. Jambo lenyewe ni intaneti ya nyumbani kwetu sisi tunaoishi vijijini. Ukikosea kuchagua, utalipa mwaka mzima na hutavuna kitu.

Pengine utauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wanafunzi? Yanatuhusu sana. Mwanafunzi akimaliza Kidato cha Nne, nafasi ya chuo anaiomba kwa mtandao kupitia KUCCPS. Mzazi akitaka pasipoti au cheti cha mwenendo mwema, anaanzia katika eCitizen. Nasi wa shule ya kutwa tunarudi nyumbani kila jioni, na huko ndiko tunakosomea. Nyumba ikikosa mtandao, ni nauli ya kwenda mjini, foleni kwenye saiba, kisha kurudi gizani. Tena aghalabu ni sisi watoto tunaoulizwa na wazazi, "Hebu niambie, tuchukue ya kampuni gani?" Basi ni vizuri tuwe na jibu lenye maana.

MTANDAO UNATOKA WAPI?

Hadi mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti ili kuunganishwa na dunia, na huduma ilikuwa ghali na ya polepole. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, TEAMS ikitokea Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu. EASSy ilifuata mwaka 2010. Kutoka Mombasa nyaya nyingine zinafuata njia kuu ya kwenda Nairobi na kupita Voi, hapa chini ya Milima yetu ya Taita. Kumbe mto unapita mlangoni, lakini sisi wa milimani tunateka maji kwa kikombe! Shida haiko baharini. Shida iko katika kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwako.

Kipande hicho huvukwa kwa njia nne.

Ya kwanza ni waya wa faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga. Ndiyo njia iliyo imara kuliko zote, lakini vijijini ni adimu kwa sababu nyumba ziko mbalimbali na kila nguzo ni gharama.

Ya pili ni mnara wa simu. Unanunua rauta yenye laini ndani, unaichomeka, basi. Ni rahisi kuanza, lakini mnara mmoja hutumiwa na kijiji kizima, na jioni watu wote wakiingia, kila mmoja hupata kidogo.

Ya tatu ni mawimbi ya redio kutoka mlingoti wa kampuni hadi kifaa kilichofungwa kwenye paa lako. Kampuni ya Mawingu, kwa mfano, ilianzia sehemu za Nanyuki kwa kuhudumia watu wa mashambani. Sharti lake ni kwamba paa lako liuone mlingoti bila kizuizi. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika milima yetu, kina urefu wa mita 2,208 na juu yake pana milingoti ya mawasiliano. Nyumba inayokitazama kilele kama hicho ina bahati. Nyumba iliyo bondeni nyuma ya kilima, hata kama iko karibu zaidi, haipati kitu.

Ya nne ni setilaiti. Zile za zamani zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hivi kwamba swali na jibu lake husafiri zaidi ya kilomita 140,000 na kuchukua karibu nusu sekunde. Mkizungumza kwa video mnakatizana maneno. Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya Julai 2023, hutumia setilaiti zilizo kilomita 550 hivi kutoka ardhini, kwa hivyo kuchelewa huko hakuonekani sana. Inahitaji anga wazi, na mvua kubwa inaweza kuipunguza nguvu. Hata angani pia hujaa. Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu ya msongamano, hadi mwaka 2025.

MAMBO SABA YA KUCHUNGUZA

1. Je, inafanya kazi nyumbani kwako, na saa unazoihitaji?

Usiamini ramani ya kampuni wala tangazo la barabarani. Ramani haijui mkaratusi ulio nyuma ya jiko lenu. Kwa njia ya mnara wa simu, jaribio ni rahisi. Nunua laini za kampuni mbili, utie bando dogo, upime kasi asubuhi, alasiri na usiku kwa siku 7. Pima sebuleni, chumbani na uani, kisha uandike daftarini.

Nilifanya hivyo kwetu wakati wa likizo. Laini ya kwanza ilipata megabiti 18 saa moja asubuhi, lakini saa mbili usiku ilianguka hadi 2. Laini ya pili ilipata 9 asubuhi na 7 usiku. Ukitazama asubuhi tu, utasema ya kwanza ndiyo bingwa. Lakini nani kwetu yuko nyumbani asubuhi? Tunasoma saa mbili usiku, na saa hizo ya pili ndiyo inayotufaa. Hapa ndipo penye kiini cha somo langu: kasi kubwa si sawa na uhakika. Heri megabiti 7 za kila siku kuliko 18 za kubahatisha.

2. Kasi wanayoitaja ni ya kipimo gani?

Kampuni huhesabu kwa megabiti, lakini ukubwa wa faili huhesabiwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo faili ya megabaiti 700 ni megabiti 5,600. Kwa kasi ya 10 kwa sekunde itachukua sekunde 560, yaani dakika 9 na kidogo. Kwa kasi ya 2 itachukua karibu dakika 47. Video ya kawaida hutosheka na megabiti kati ya 1 na 3, na iliyo safi zaidi hutaka kama 5. Familia isiyofungua video tatu kwa wakati mmoja haina haja ya kununua kasi ya hoteli.

3. "Bila kikomo" maana yake nini?

Soma maandishi madogo. Mara nyingi utakuta kwamba ukifikisha kiasi fulani, kasi inapunguzwa hadi mwezi uishe. Piga hesabu yako mwenyewe. Video ya megabiti 3 kwa saa moja hula takriban gigabaiti 1.35. Saa mbili kila siku kwa siku 30 ni gigabaiti 81. Kama kikomo ni 50, bila kikomo yako itaisha tarehe 19.

4. Gharama ya mwaka mzima ni ngapi?

Tuseme kampuni ya kwanza inakupa kifaa bure na kukutoza shilingi 3,000 kwa mwezi. Ya pili inauza kifaa kwa 6,000 na kutoza 2,000 kwa mwezi. Mwaka wa kwanza ile ya "bure" itakugharimu 36,000, na ile nyingine 30,000. Mwaka wa pili tofauti ni 12,000, ambazo ni pesa za kulipa karo. Uliza pia ada ya kufungiwa, nauli ya fundi, na kama umefungwa kwa mkataba wa miezi kadhaa. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

5. Stima ikipotea itakuwaje?

Huku kwetu stima hupotea kama mgeni asiyeaga. Rauta ikizima, hata faiba nzuri ni kamba tu. Rauta nyingi hutumia wati 10 hivi. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 7 ina wati-saa 84, kwa hivyo kwa hesabu ya darasani itaiendesha saa 8, ingawa kwa kweli ni pungufu kidogo. Kifaa cha setilaiti cha wati 75 kitaimaliza betri hiyo kwa saa moja tu. Uliza pia kama mnara wenyewe una betri au jenereta. Na radi zikianza kunguruma, chomoa kila kitu ukutani.

6. Ikiharibika, nani atakuja, na lini?

Hili wengi wetu hulisahau. Jirani yetu mmoja, mama anayeshona vikapu vya mkonge, alifungiwa mtandao na kampuni moja ili wateja wake wa Nairobi wapate kumfikia. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mwezi wa tatu kifaa cha paani kikafa. Alipiga simu, akaambiwa fundi yuko njiani. Kesho yake akaambiwa vivyo hivyo. Fundi alifika baada ya wiki tatu! Kufikia hapo mteja aliyeagiza vikapu 40 alikuwa amekwenda kwingine, na mkataba wa miezi 12 ulikuwa bado unamdai mama wa watu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, ipigie kampuni simu ya huduma Jumamosi jioni uone kama kuna anayepokea. Uliza ofisi iliyo karibu ni ya wapi na mafundi wanakaa wapi. Kisha tafuta wateja wao wawili wa kijijini kwenu, uwaulize swali moja tu: "Mara ya mwisho ilipokatika, mlikaa siku ngapi?" Jibu hilo lina thamani kuliko mabango yote.

7. Je, kampuni ina leseni?

Anayeuza huduma hii Kenya anatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Kuna watu wanaovuta waya kutoka kwao na kuwauzia majirani bila idhini. Wakihama au wakizimiwa, pesa zako zimekwenda na maji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa na haki ya kupewa maelezo anayohitaji. Ukiwa na malalamiko, yapeleke kwanza kwa kampuni kwa maandishi na uhifadhi nambari utakayopewa. Wasipokutatulia, yapeleke kwa Mamlaka. Bila maandishi, ni neno lako dhidi ya lao.

USITIE MAYAI YOTE KATIKA KIKAPU KIMOJA

Hata kampuni bora huanguka. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, na watu wengi Afrika Mashariki wakaona mtandao ukikokota. Hakuna fundi wa Voi wala Wundanyi aliyeweza kutengeneza hilo. Kwa sababu hiyo, weka laini ya kampuni nyingine kwenye simu, yenye bando dogo, kama akiba. Lakini chunguza kwanza, maana kampuni mbili zinaweza kutundika vifaa vyao kwenye mnara mmoja. Mnara huo ukikosa stima, zote mbili huenda zikazima pamoja, na akiba yako haitakuwa akiba tena.

Mkiwa na jaribio la siku 7 daftarini, hesabu ya mwaka mzima na ushahidi wa majirani wawili, mtaweza kukaa na wazazi mkashauriana kama watu wazima. Anayekuja kuuza atajua kwamba hapa hakuna wa kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

ZOEZI

(a) Faili ya megabaiti 900 itachukua dakika ngapi kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde?
(b) Betri ya volti 12 na ampea-saa 18 itaendesha rauta ya wati 12 kwa saa ngapi, kwa hesabu ya darasani?
(c) Taja njia moja kati ya zile nne ambayo haiwezi kufaa nyumbani kwenu, na utoe sababu.

Majibu: (a) dakika 20, (b) saa 18, (c) toka nje, utazame vilima na miti, kisha ujibu mwenyewe.

Kwa hayo machache ninaiweka kalamu yangu chini. Mwenye macho haambiwi tazama.