Somo la Kompyuta: Kutengeneza Kitufe cha Kuanzia Mchezo

Mkazi wa Tunduma anajua maana ya kusubiri ishara. Lori linaloelekea Nakonde, upande wa Zambia, haliondoki mpaka taratibu zikamilike na kizuizi kifunguliwe. Mchezo wa kompyuta nao wahitaji kizuizi chake. Mara nyingi, katika mchezo wa kwanza wa mtoto, lori huanza kukimbia kabla mchezaji hajashika kipanya, naye hupoteza alama bila kosa lake. Dawa ni kitufe cha kuanzia.

Somo hili latumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, ikilenga hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Amri zake ni vipande vya rangi ambavyo mtoto huviunganisha. Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake, na ikishawekwa kwenye kompyuta hufanya kazi bila intaneti.

Hatua ya kwanza. Chora mhusika mpya: mstatili wa kijani wenye neno ANZA. Huyu ndiye kitufe.

Hatua ya pili. Mpe kitufe amri za maandalizi: bendera ya kijani inapobofywa, aende katikati ya jukwaa, yaani x 0 na y 0, kisha aonekane mbele ya wahusika wengine.

Hatua ya tatu. Mpe amri za kuanzisha: anapobofywa, ajifiche, kisha atangaze ujumbe uitwao «anza».

Hatua ya nne. Nenda kwa mhusika lori. Bendera inapobofywa, lori liende x -200 na kutulia hapo. Amri zote za mwendo ziwekwe chini ya kipande cha kupokea ujumbe «anza».

Hatua ya tano. Alama nazo zirudi 0 ujumbe huo unapopokewa.

Sasa jaribu. Bofya bendera: lori litulie na kitufe kionekane. Bofya kitufe: safari ianze. Lori likiondoka mapema, chunguza kama kuna amri ya mwendo iliyosalia chini ya bendera. Hilo ndilo kosa la kawaida.

Faida ya ujumbe ni kwamba tangazo moja husikiwa na wahusika wote. Ukiongeza lori la pili, huna haja ya kugusa kitufe. Lifundishe tu kusubiri tangazo lile lile.

Zoezi: lori linapogonga kizuizi, litangaze «mwisho», mwendo ukome, na kitufe kionekane tena. Hapo watoto wanaotumia kompyuta moja watapokezana kwa haki, kila mmoja akianza akiwa tayari.

Mzazi, hata kama hujui kompyuta, mwombe mwanao akueleze bendera inafanya nini na kitufe kinafanya nini. Akiweza kuvitofautisha, amelielewa somo.