Mawese kwa Kijiko, Ujiji kwa Miguu: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Anayetaka Kupungua

Haya ni masharti, si mapendekezo. Yameniondolea kilo zaidi ya 20 nikiwa naishi palepale Mwanga, napikia jiko lilelile na kununua soko lilelile. Nayaandika kwa sababu dada zangu wa hapa Kigoma hawaishi kuniuliza "umetumia nini?", na wakisikia jibu ni chungu na miguu hawaridhiki, wanakwenda kununua kopo la dawa ya kupungua. Makopo hayo yanaumiza watu.

Usinunue dawa ya kupungua. Si chai, si vidonge, si matone, si mkanda wa kubana tumbo. Chai nyingi za "kukata tumbo" zina sanamaki, majani ya kuharisha. Unaharisha, maji yanatoka, mizani inashuka, na kesho kutwa ukinywa maji kilo zinarudi zilipokuwa. Mafuta ya mwili hayatokei chooni. Anayezinywa kwa muda mrefu anapoteza potasiamu, na potasiamu ikipungua mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mwenye presha anayemeza vidonge vya kukojoza yuko hatarini zaidi, maana baadhi ya vidonge hivyo navyo hupunguza potasiamu ileile.

Pima mawese. Hili ndilo sharti lililo juu ya mengine yote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Jikoni kwetu mawese hayapimwi. Mpishi anainamisha kidumu mpaka moyo wake useme basi, na moyo wa mpishi wa Kigoma hauna haraka ya kusema basi. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe mawese, alizeti au ya nazi, kina kalori zipatazo 120. Upawa wa kawaida unabeba vijiko vitano au sita. Ukitia pawa mbili kwenye chungu cha maharage cha watu wanne, kila mmoja amekula kalori 300 au zaidi za mafuta peke yake, kabla hujahesabu harage hata moja wala tonge la ugali. Mtu wa kilo 80 anayetaka kuzitembea kalori hizo 300 aandae kama kilomita 5.

Kwa hiyo kijiko kikae jikoni. Changu nimekifunga kwa uzi shingoni mwa kidumu, ili anayepika, awe mimi, binti yangu au mgeni, asiwe na kisingizio cha kukitafuta. Kijiko kimoja kwa kila mlaji kwa chungu kizima, basi. Kitunguu kikianza kushika chini, ongeza maji kidogo, usiongeze mafuta. Nyanya zitatoa rojo lake.

Ukimaliza kula, tazama sahani. Ukingoni kuna utando wa rangi ya chungwa, na palipokuwa na mboga pamebaki kidimbwi kinachong'aa. Mkono unakwenda wenyewe kukifuta kwa tonge la mwisho. Usikifute. Ule si mchuzi, ni mafuta matupu. Na kama kidimbwi kinatosha kulowesha tonge, mpishi alivunja sharti. Mwambie siku hiyohiyo.

Usiache mawese kabisa. Wekundu wake ni viini ambavyo mwili unavigeuza kuwa vitamini A, na kwa sababu hiyo usiyaunguze mpaka yageuke meupe kama wengi wanavyofanya ili kuondoa harufu: unateketeza lililo jema na kubaki na mafuta. Lakini ujue pia kwamba karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, ndiyo maana asubuhi yenye ubaridi unayakuta yameshikana ndani ya kidumu, na aina hiyo ikizidi hupandisha lehemu kwenye damu. Tangu 2018 serikali imekuwa ikisukuma kilimo cha michikichi mkoani kwetu, na kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kinazalisha mbegu bora. Nafurahi kwa wakulima. Wingi wa mawese mjini usiwe wingi wa mawese chunguni.

Kula samaki, usimzamishe. Mgebuka wa Kibirizi au Katonga hauhitaji sufuria ya mafuta yanayochemka. Mpike chukuchuku: maji, nyanya, kitunguu, ndimu, pilipili, chumvi kiasi. Au mbanike juu ya mkaa. Samaki hukushibisha kwa muda mrefu na hulinda misuli wakati mwili unapungua. Asiyekula protini ya kutosha hupunguza mafuta pamoja na nyama ya mapaja yake, kisha anashangaa mbona hana nguvu. Dagaa wakavu wachambue, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaushe kwenye sufuria isiyo na mafuta hadi uwasikie wakichakarika, ndipo utie nyanya. Nunua waliokaushwa kwenye vichanja ukiwapata, mchanga wao ni mdogo.

Weka akiba. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika, na wiki hiyo ndiyo wanaojinyima hukimbilia chipsi. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Aliyekuwa na debe la dagaa wakavu na gunia la maharage aliendelea na masharti yake.

Pakua sahani yako mwenyewe. Najua ninachosema. Kula sinia moja ni upendo, ni malezi, na kwa wazee wetu wa Ujiji kujitenga na sinia kunaonekana ni kiburi. Lakini mtu anayekula sinia hajui amekula kiasi gani, na ugali wa muhogo ni laini, tonge linateleza bila kutafunwa. Ugali huo karibu wote ni wanga. Kiasi chako ni ngumi yako mwenyewe, isiwe ngumi ya mvuvi aliyekaa ubavuni mwako. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, matembele, mchicha, bamia. Sombe, yaani kisamvu, ni mboga pia, lakini ikishatiwa mawese na karanga ihesabu kwa vijiko vyake.

Ukiwa ugenini usitoe hotuba ya lishe. Msalimie mwenye nyumba, kaa, kula polepole, na shangazi akikusogezea tonge la pili mwambie, "Shangazi nimeshiba, Mungu akuzidishie." Akisisitiza, rudia maneno hayohayo kwa upole uleule. Usimdanganye kwamba unaumwa tumbo. Akijua umeshiba ataacha. Akidhani unaumwa, kesho anakuletea uji nyumbani.

Usinywe sukari. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko 9 vya chai. Vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu ni hesabu ileile, kwa hiyo asiyekunywa soda asijione ameokoka. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu wa kalori 2,000. Kwenye chai punguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili mpaka uinywe bila sukari; ulimi unazoea. Andazi la asubuhi badilisha na kipande cha muhogo wa kuchemsha au yai.

Tembea kila siku. Desemba 2016 Mama Samia, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kitaifa. Jambo jema, lakini Jumamosi moja kwa mwezi haipunguzi mtu. Kiwango kinachotajwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme huku bado unaweza kuongea.

Sisi tumepewa uwanja. Kutoka stesheni, mwisho wa reli, kupanda Barabara ya Lumumba hadi Mwanga ni mlima unaofanya kazi kuliko mashine yoyote. Usiupande kwa bodaboda ukiwa na mkoba mtupu. Kwenda Ujiji ni kilomita kati ya 8 na 10, kutegemea unaanzia wapi. Anayeanza asiikamate njia yote, aende robo yake na kurudi. Mwili ukizoea, nenda yote, pumzika chini ya miembe pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone, kisha rudi kwa daladala bila aibu. Tembea upande wa kulia ili magari yaje usoni mwako. Vaa viatu, si kandambili. Dada zangu, nendeni wawili watatu, na mtoke kukiwa kumepambazuka. Baibui halizuii hatua. Mvua za Novemba hadi Aprili zikikufungia ndani, chuchumaa na kuinuka, ruka kamba, panda na kushuka ngazi ya kibaraza.

Usitembee ili upate ruhusa ya kula. Chapati mbili zinafuta safari ya asubuhi nzima. Mwendo unakupa moyo wenye nguvu, usingizi na subira. Kupungua kunaanzia kwenye chungu.

Usiogelee popote kwa jina la mazoezi. Ziwa lina mamba, na maji ya ufukweni yenye majani na konokono yana kichocho.

Usigeuze mfungo kuwa karamu ya usiku. Nimeona watu wakimaliza Ramadhani wakiwa wazito kuliko walivyoianza: tambi, kaimati, mihogo ya nazi, uji wenye sukari, kisha daku ya wali. Fungua kwa tende na maji, swali, halafu kula mlo mmoja wenye samaki na mboga.

Pima kiuno kuliko mizani. Chukua kamba yenye urefu wako wa kisigino hadi utosi, ikunje katikati, izungushe kiunoni usawa wa kitovu. Ncha zisipokutana, una kazi ya kufanya. Kilo nusu hadi moja kwa wiki inatosha. Itafika wakati mizani itasimama, kwa kuwa mwili mdogo unatumia nishati kidogo. Usijinyime kupita kiasi hapo. Rudi kwenye kijiko, utakuta kimeanza kujaa hadi kuchuruzika.

Usiache dawa. Mwenye kisukari au presha aende kwanza Hospitali ya Maweni au kituo cha karibu, amweleze daktari anataka kupungua. Anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari akikata chakula ghafla sukari inaweza kushuka hadi azimie. Dozi hupunguzwa na daktari, hata kama umejisikia mzima.

Na ukiona unapungua bila kubadilisha chakula wala mwendo, usishangilie. Kifua kikuu, kisukari na virusi vya ukimwi vyote hukondesha, na vyote vina tiba au dawa za kuvidhibiti. Kapime wiki hiyohiyo.

Sharti la mwisho ni lenu msiopungua. Acheni kumwambia mtu amekwisha. "Wifi, mbona umekwisha hivyo, kaka yetu hakulishi?" Nimeambiwa hivyo mbele ya watu arusini. Nimesikia wakinong'ona sokoni juu ya ugonjwa wanaoudhani, na najua wanawake watatu wa mtaani kwangu waliorudisha kilo zote ili tu waume zao wasisemwe. Mmoja wao sasa anapanda kitanda cha kliniki ya presha. Kwetu unene umekuwa hati ya ndoa njema na wembamba umekuwa ushahidi wa balaa, na kwa ajili hiyo mwanamke anaambiwa na daktari apungue, kisha anaambiwa na ukoo anenepe. Anasikiliza ukoo, maana ndio anaoishi nao.

Kwa hiyo, mama mkwe, wifi, jirani: ukikutana naye asubuhi kwenye barabara ya Ujiji, jasho likimtoka, msalimie. Usimuulize anaumwa nini. Usimsimamishie bodaboda. Akija kwako usimrundikie sahani ili kumpima. Na wewe mume, watu wakikuuliza mkeo ana nini, jibu kwa sauti ya kusikika kwamba anatembea, na kesho yake asubuhi utembee naye.