Kila Uso Uonekane: Picha za Pamoja za Watoto wa Awali Ushirombo

Mahafali ya madarasa ya awali huangukia Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Ushirombo, makao makuu ya Wilaya ya Bukombe mkoani Geita, ratiba ya siku hiyo haitofautiani sana na ya miji mingine ya Kanda ya Ziwa. Watoto huvikwa majoho asubuhi. Mgeni rasmi hufika saa tano, pengine saa sita. Risala husomwa, ngonjera hughaniwa, vyeti hugawiwa, na picha ya pamoja huachwa iwe ya mwisho. Mpiga picha anapoitwa, jua liko utosini na watoto wa miaka minne na mitano wana njaa, jasho na usingizi. Hupangwa mistari mitatu mbele ya ukuta mweupe, huambiwa wanyooshe mikono, na kamera hubofywa mara mbili. Picha ikishasafishwa, mama anatafuta uso wa mwanawe na kukuta kivuli cha kofia.

Kijitabu hiki kimeandikwa kwa walimu wa awali, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, wapiga picha wa mitaani na wazazi. Kinaeleza namna ya kupata picha bora zaidi kwa vifaa vilivyopo, hata kama kifaa chenyewe ni simu ya mwalimu.

Sababu ya kulitilia mkazo jambo hili iko katika maisha ya ukanda wenyewe. Familia nyingi za wachimbaji wadogo huhama kufuata machimbo: leo Bukombe, mwakani Mbogwe, Geita au Kahama. Watoto waliokaa mkeka mmoja darasa la awali wanaweza wasikutane tena. Kwa baadhi yao picha ya darasa ndiyo itakayobaki kuwa ushahidi pekee kwamba walisoma pamoja, na mtoto asiyeonekana humo amekosa haki yake.

Kupanga watoto mistari mbele ya lenzi si desturi iliyoanza jana. Wamisionari wa White Fathers walifika Ushirombo mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kama ilivyokuwa katika misheni nyingi za Afrika enzi hizo, picha za watoto zilikuwa sehemu ya taarifa zilizopelekwa Ulaya kwa wafadhili. Picha nyingi za aina hiyo zina jina la misheni na jina la padri, lakini hazina jina hata moja la mtoto. Kasoro hiyo bado inarudiwa. Nyuma ya kila nakala ya shule paandikwe tarehe, darasa, jina la mwalimu na majina ya watoto kwa mpangilio wa mistari, kushoto kwenda kulia. Ni kazi ya dakika kumi, na miaka thelathini baadaye thamani yake itazidi ya fremu.

Mwanga ndio unaoamua mengi. Ushirombo iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa Ikweta, hivyo msimu wa mahafali jua la mchana huwa karibu wima, na macho huingia kwenye giza la paji la uso. Muda mzuri ni saa mbili hadi saa nne asubuhi, kabla mgeni rasmi hajafika, watoto wakiwa wamekunywa uji na majoho hayajakunjamana. Shule ikilazimika kupiga mchana, itumie kivuli kipana cha ukuta wa darasa. Kivuli cha mwembe kinavutia, lakini mara nyingi majani hupenyeza vidoa vya jua vinavyokata nyuso vipande vipande, kwa hiyo kichunguzwe kwanza. Wingu la masika au la vuli lisiogopwe, kwa kuwa hulainisha mwanga na watoto hawakunji macho. Kofia za mahafali zisukumwe nyuma kidogo.

Ukuta mweupe nao una hila yake. Kamera ya simu hupima mwanga wa eneo zima. Ikikuta chokaa inayong'aa na mashati meupe, hupunguza mwanga, na ngozi za watoto hutoka zimefifia. Dawa ni kugusa uso wa mtoto mmoja kwenye kioo cha simu, kisha kuongeza mwanga taratibu mpaka macho na mashavu yaonekane vizuri. Jambo hili lina historia chungu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha Marekani zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ilitoka bila undani wake. Miongoni mwa malalamiko yaliyochangia filamu kurekebishwa yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao hawakuridhika na rangi ya bidhaa zao. Mpiga picha wa Ushirombo leo ana uwezo wa kurekebisha mwanga kwa kidole kimoja, na hana sababu ya kumpa mzazi picha ambayo meno tu ndiyo yanaonekana.

Kisha kuna hesabu ya macho. Wataalamu wawili wa Australia, Nic Svenson na Piers Barnes, walikokotoa ni picha ngapi zinahitajika ili angalau moja isiwe na mtu aliyefumba macho, na mwaka 2006 walipewa tuzo ya Ig Nobel ya hisabati. Kanuni yao ni nyepesi: kwa kundi lisilofikia watu 20, gawanya idadi ya watu kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni hafifu. Jibu ndilo idadi ya picha za kupiga. Kundi likifika watu 50, matumaini ya kuwapata wote macho wazi karibu yanakwisha.

Hapa ndipo ubunifu unapoanza kuwa hitaji. Mwongozo wa serikali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, lakini madarasa mengi yamevuka idadi hiyo, hasa tangu Januari 2016, elimu ya shule za serikali ilipoanza kutolewa bila ada kuanzia awali hadi kidato cha nne. Darasa la watoto 45 lisilazimishwe kuingia katika fremu moja tuli. Ligawanywe makundi matatu ya 15, kila kundi lipigwe mara tano au zaidi. Baada ya hapo wote 45 wapigwe picha moja ya mchezo, ambayo uzuri wake uko katika mwendo na kicheko, na mtoto aliyefumba macho kwa furaha haiharibu.

Michezo ipo tele. Ukuti ukuti huwaweka watoto kwenye duara wakiwa wameshikana mikono, na wakati wa kuchuchumaa ukifika kila uso una la kusema. Watoto sita hadi wanane wanaweza kuinamisha vichwa pamoja huku mpiga picha akilala chali katikati yao, mradi wako kivulini na mwanga umepimwa usoni, kwa sababu anga nyuma yao huwa kali. Kundi kubwa hupigwa vizuri kutoka juu: mtu mzima asimame kwenye meza imara inayoshikiliwa na mwenzake, watoto wakusanyike chini na kutazama juu, na hakuna atakayezibwa na kichwa cha aliye mbele. Kwa picha nyingine zote mpiga picha apige magoti. Mtoto wa awali ana urefu wa mita moja hivi, na kamera iliyoinuliwa kimo cha mtu mzima humfanya aonekane ananyenyekea.

Mandhari isitafutwe mbali. Mpiga picha Mwingereza Julian Germain, katika kitabu chake cha picha za madarasa kilichotoka mwaka 2012, aliwapiga wanafunzi wa nchi nyingi wakiwa ndani ya darasa lao, na vitu vilivyowazunguka vinaeleza mengi kuhusu shule kuliko bango lolote. Darasa la awali la Tanzania lina kona za ujifunzaji: vizibo vya kuhesabia, magari ya waya, mipira ya matambara, michoro ukutani. Watoto wakae humo, kila mmoja ameshika kitu alichokitengeneza. Anayetaka pazia la rangi anayo mifano Afrika Mashariki: Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Zanzibar mwaka 1930, na katika miaka ya 1990 wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga studio za wazi zenye mapazia yaliyochorwa kwa mkono. Vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja na kutundikwa kwenye kamba vinatosha.

Mwalimu wao asimame nyuma ya bega la mpiga picha, kwani watoto humtazama wanayemjua. Aliye kwenye kiti cha magurudumu awe katikati ya wenzake, na walio karibu naye wakae ili vimo vilingane. Asiyesikia apewe ishara ya mkono wenzake wanapopigiwa makofi. Mtoto asiye na sare asifichwe mstari wa nyuma, na asiondolewe yeyote kwenye picha ya darasa kwa sababu mzazi hajalipia nakala.

Mtoto mwenye ualbino anahitaji uangalifu wa pekee. Macho yake huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo apigwe kivulini, bila flashi, na kofia yake ya jua abaki nayo mpaka dakika ya mwisho. Zaidi ya hayo kuna usalama wake. Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja mwenye ualbino alitekwa wilayani Chato, katika mkoa huuhuu wa Geita, na akauawa. Picha inayotaja shule na mtaa haina budi kubaki mikononi mwa familia. Kabla ya kupiga, huduma ya mahali kwenye kamera ya simu izimwe, kwani huhifadhi ndani ya picha eneo ilipopigwa.

Sheria iko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kuzitumia kunahitaji idhini ya maandishi. Mwezi wa kwanza wa masomo unafaa kwa fomu fupi yenye maswali matatu: Je, mtoto apigwe picha? Nakala zitolewe kwa wazazi wa darasa tu? Je, shule inaweza kuiweka kwenye mtandao au bango? Majibu yanaweza kutofautiana, na ukimya wa mzazi usichukuliwe kuwa ndiyo. Mtoto ambaye mzazi wake amekataa ashiriki mchezo na wenzake katika picha nyingine inayopigwa kutoka mgongoni, asikae pembeni akitazama. Naye mtoto anayelia au kugoma aachwe apumzike.

Mzazi atakayekuta picha ya mwanawe mtandaoni bila idhini yake aanze kwa mwalimu mkuu, kwa barua, na abaki na nakala. Asiporidhika, malalamiko yake yapelekwe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.